Sanduku Lisilojua Kusema Hapana

Jumatatu, 8 Juni 1987

Nimetoboa kadi tena baada ya masomo. Vidole vinauma. Mwalimu Nzioka wa hesabu analeta karatasi za manila kutoka Kitui mjini, mimi napima, nakata, natoboa. Kila kadi ina matundu upande wa juu na kila tundu lina maana yake. Tundu la kwanza ni mbuzi. Kama kadi inahusu mbuzi, nalikata lile tundu mpaka ukingoni. Halafu unapitisha spoku ya baiskeli kwenye tundu la mbuzi, unainua. Kadi zingine zinabaki zikining'inia. Za mbuzi zinaanguka. Napenda ile sauti ya kuanguka.

Ni sanduku la kujibu maswali. Kadi za kahawia zinataja jambo: Katune ni mbuzi. Kadi nyekundu ni sheria: kila mbuzi ni mnyama. Katune anaanguka, unasoma sheria, unaandika kadi mpya, Katune ni mnyama, unairudisha ndani. Unaendelea hivyo mpaka hakuna kadi mpya ya kuandika. Hapo sanduku limetulia. Sasa uliza. Kadi ikiwepo, jibu ni ndiyo. Isipokuwepo, hapana.

Wazo lilikuwa langu. Atakayeongea kwenye mashindano ya sayansi ya wilaya ni Kyalo. Mimi nikisimama mbele ya watu sauti inakufa, inabaki pumzi tu. Mwalimu anajua. Hata hakuniuliza.

Jumanne, 9 Juni

Namchukia Kyalo. Naandika hivyo kwanza.

Saa nne nilikuwa kwenye tangi la maji. Kyalo akapita karibu, akaniambia kwa Kikamba, chini chini, kwamba mama yuko getini. Mama. Nilimwacha kitandani nyumbani Kanyangi shule ilipofunguliwa, hawezi hata kukaa vizuri, na tangu siku hiyo sijasikia neno. Nikageuka nikasema, "Va?" Neno moja. Wapi?

Akatoa diski mfukoni, akanivalisha.

Nilikimbia getini nayo shingoni. Hakukuwa na mtu. Askari wa geti akaniuliza natafuta nani.

Diski ni kipande cha mti chenye kamba ya katani. Kinanuka jasho la watoto wote waliopita hapa. Ukisikika ukiongea Kikamba unavalishwa, na utaivua tu ukimnasa mwingine. Sheria imebandikwa ukutani: anayenasa ni yule aliyeivaa, hakuna mwingine, hata kiranja. Hakuna anayejua ilianza na nani. Tuliikuta.

Maana yake Kyalo alikuwa ameivaa. Kiranja wa lugha, mtoto wa duka kubwa la Mukuyuni, Kiingereza kinamtoka kama maji. Alinaswa akaificha mfukoni akatafuta mtu asiyeweza kusema.

Na jioni kwenye paredi ni yeye huyo huyo anayeuliza na kuandika. Akanisimamisha mbele ya shule nzima. Akauliza kwa Kiingereza, "Nani alikupa?" Akinitazama machoni. Mwalimu wa zamu akingoja. Nilifungua mdomo. Pumzi tu.

Asiyetajwa haandikwi, kwa hivyo iliishia kwangu. Nitaosha vyoo.

Jumatano, 10 Juni

Vyoo. Mikono inanuka dawa. Kasyoka amekuja kunisaidia kuchota maji bila kuambiwa na mtu. Ndiye tunalala kitanda kimoja cha juu na chini. Hajawahi kuvaa diski tangu Fomu Wani, ni msichana peke yake shuleni ambaye haijamfikia, na anajivunia hilo kuliko hata nambari zake darasani. Aliniuliza nani alinipa. Sikumwambia. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka hasira iwe yangu peke yangu.

Hapa Kiingereza ni cha Kyalo na Kikamba kinavalishwa shingoni. Naandika Kiswahili. Kinafundishwa darasani, kisha hakuna anayekijali.

Jumamosi, 13 Juni

Nimefanya kazi ya sanduku na Mwalimu tangu asubuhi. Nilimuuliza kwa nini ananikataza kadi nyekundu za aina fulani. Ananiruhusu "kila mbuzi ni mnyama." Haniruhusu "kila mbuzi ana mama ambaye ni mbuzi." Na ni kweli tupu, kila mtu anajua.

Akaniambia nijaribu basi. Nikajaribu. Katune ana mama. Hana jina kwenye kadi zetu, nikamwita Wa Kwanza. Wa Kwanza ni mbuzi, kwa hivyo ana mama, Wa Pili. Wa Pili ni mbuzi. Nilipoishiwa na kadi tupu Mwalimu alikuwa amemaliza chai yake na anacheka.

Alichoniambia ni hiki, nakiandika nisisahau. Sanduku linaloongea machache lazima limalize, maana majina yaliyo ndani yana mwisho. Ukiliongezea maneno litasema mambo mengi zaidi ya dunia, lakini huwezi tena kuwa na hakika kama litanyamaza. Alisema, "Chagua moja, Mwende. Mdomo au jibu."

Hiyo aina ya kadi tumeifukuza. Tukaandika juu ya kifuniko: hakuna kadi inayozaa mtu mpya.

Jumatatu, 15 Juni

Kyalo amekuja kujifunza sanduku. Anashika haraka, lazima niseme, na hiyo pia inanikera. Akasema mbuzi ni mambo ya kitoto, majaji watachoka, tuweke watu wa darasa letu. Mwalimu akakubali. Kyalo akaandika kadi zake kwa mwandiko wa madoido. Muthui ni mchezaji. Kasyoka ni mwimbaji. Wavulana wakasongamana mezani wanacheka. Ndipo akaandika moja, akaiinua waione: Kyalo alimnasa Mwende.

Walicheka sana. Akaitia ndani.

Hakufikiri. Kila mtu amezoea kwamba viranja wananasa watu, hata yeye amezoea, akasahau sheria iliyo ukutani. Mimi nilitazama mkasi wangu. Mara moja katika maisha yangu kunyamaza kumenifaa.

Ijumaa, 19 Juni

Nimeipata. Ni fupi mpaka inanitia kicheko.

Kadi nyekundu: kila anayemnasa mwingine aliivaa diski. Ni sheria ya shule yenyewe, neno kwa neno. Nitaitia ndani asubuhi ya mashindano. Kyalo alimnasa Mwende. Basi Kyalo aliivaa diski. Sanduku litasema kile nilichoshindwa kusema kwenye paredi, na litasema mbele ya wilaya nzima, kwa mikono ya Kyalo mwenyewe akiwa ameshika spoku. Hawezi kuliambia lina chuki. Ni manila.

Nimelala kitandani nikiona uso wake. Nimeona uso wake mara nyingi sana leo.

Jumapili, 21 Juni

Kanisani mhubiri alizungumza juu ya kusamehe. Nilihesabu mabati ya paa.

Moja haitoshi. Nataka ijulikane kwamba na yeye alinaswa. Kwamba kuna mtu alimsikia huyu mzungu wetu akiongea kama watu wa kwao, akamvalisha kamba. Nimekata kadi nyekundu ya pili: kila aliyevaa diski, kuna mtu alimnasa. Najua ni ile aina tuliyoifukuza. Inazaa mtu mpya. Lakini ni moja tu kati ya zote zile. Na si uongo.

Sanduku halijiulizi lenyewe, mtu lazima aulize. Nimemwomba Kasyoka. Majaji huwa wanaruhusu swali kutoka kwa watazamaji. Nimempa swali na nikamwambia ni la kuufurahisha ukumbi. Akakubali papo hapo, akafanya mazoezi ya Kiingereza chake mbele ya dirisha. Sikumwambia zaidi.

Alhamisi, 25 Juni

Hakuna barua kutoka nyumbani. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, baridi, mahindi ya muthokoi hayajaiva. Kyalo ameniita "msaidizi wangu" mbele ya Mwalimu. Msaidizi. Sawa.

Jumamosi, 27 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie pale palipokuwa patamu.

Ukumbi wa shule ya mjini yalikofanyika mashindano ulijaa mpaka madirishani. Nilitia kadi zangu mbili wakati Kyalo anafunga tai. Akaongea vizuri sana. Alisema "mimi nilibuni," na nikangoja. Akamaliza, jaji mmoja mama mwenye miwani akakaribisha swali, Kasyoka akasimama, akauliza kwa sauti nzuri kama anaimba: je, kiranja wa lugha amewahi kuivaa diski?

Kicheko. Kyalo naye akacheka. Akapitisha spoku, akainua. Kadi ikaanguka. Akasoma sheria kwa sauti, akaandika kadi mpya kabla hajaielewa. Nikaona ikimfikia. Ilianzia kwenye masikio. Mama jaji akanyoosha mkono, akaichukua kadi mpya, akasoma mwenyewe. Ndiyo. Kyalo aliivaa diski.

Ukumbi ulipiga mbinja. Nilikuwa nyuma kabisa karibu na mlango na nilihisi mwili mzima una joto kama nimekunywa uji. Ningetaka hiyo dakika isiishe. Hiyo ndiyo kweli na siwezi kuandika nyingine.

Halafu mama jaji akamgeukia Kasyoka, kwa mzaha tu. "Na wewe unayeuliza wenzako, umewahi kuivaa?" Kasyoka akasema hapana, kamwe, kichwa juu. Jaji akasema basi tulisikie sanduku.

Mimi peke yangu nilijua. Nilijua kabla spoku haijaingia. Kusema ndiyo, sanduku linahitaji kadi moja tu iliyopatikana. Kusema hapana, lazima kwanza litulie. Na kwa kadi yangu ya pili haliwezi kutulia. Kyalo aliivaa, kwa hivyo kuna mtu alimnasa. Mtu huyo hana jina, mwite Wa Kwanza. Wa Kwanza alinasa, kwa hivyo aliivaa. Aliivaa, kwa hivyo naye alinaswa na Wa Pili. Wa Pili, Wa Tatu.

Kyalo si mjinga. Alipoona haliishi akapata pa kupumulia. Akaanza kusoma kila kadi polepole, na baada ya kila kadi anainua macho kwa watu, anasema, "Bado tunamtafuta Kasyoka." Ukumbi ukalidaka neno. Wakawa wanasema pamoja naye. Bado tunamtafuta Kasyoka. Kasyoka amesimama pale pale, hajaambiwa aketi, tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo. Akanitafuta kwa macho mpaka mlangoni. Alinipata.

Ningepiga kelele kwamba ni hapana. Kwamba kosa ni kadi yangu. Pumzi tu.

Kadi tupu zikaisha. Hatukushinda kitu.

Jumapili, 28 Juni

Mwalimu mkuu ameamua. Alisema sanduku lililoshindwa kumtoa Kasyoka hatiani haliwezi kuaminiwa likimtia Kyalo hatiani. Kyalo ana beji yake. Yuko bwenini kwao anacheka.

Kwa hivyo hata ile ndiyo yangu nimeipoteza, na ilikuwa ya kweli.

Kasyoka amehamisha godoro lake. Wavulana wakimwona wanamwambia, "Kasyoka, bado unatafutwa." Hata watoto wa Fomu Wani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilijua. Nikatikisa kichwa kukubali.

Nilitengeneza kitu kinachojua kushtaki na hakijui kumwachilia mtu. Nilikitengeneza vizuri. Kinafanana nami.

Jumatano, 1 Julai

Mwalimu Nzioka hakunichapa. Aliitoa ile kadi nyekundu, akaiweka mezani, akatoka nje, akaniacha nayo. Afadhali angenichapa.

Nimekaa na kadi saa zote za michezo. Nikapanga wale watu wasio na majina kwenye mstari. Wa Kwanza: aliivaa, alinasa, alinaswa. Wa Pili: aliivaa, alinasa, alinaswa. Wa Tatu vile vile. Nikawatazama mpaka nikawachoka, na hapo ndipo nilipoona. Wa Pili hana lolote ambalo Wa Kwanza hana. Chochote sheria itakachomfanyia, ilishamfanyia mwenzake. Kumfuata ni kutembea mahali pamoja. Kwa hivyo simama. Ukizaa mtu asiye na jina, na kadi zake zote zinalingana na za yule aliyemtangulia, usimfuate. Sanduku limetulia.

Nikauliza habari za Kasyoka. Wa Kwanza, Wa Pili, simama. Kadi yake haipo.

Hapana.

Nimelia juu ya manila, wino umechafuka.

Mwalimu akarudi, akaipitia mara mbili, akavua miwani. Akasema kwa kadi za aina yetu kanuni hiyo inasimama imara. Nikamuuliza kama kuna kanuni ya kusimama kwa kila aina ya kadi, hata tukiruhusu maneno yote. Akasema haipo. Nikasema haijapatikana. Akasema hapana, sikiliza vizuri: haipo, na watu wamethibitisha kwamba haipo. Ukiruhusu lugha kusema kila kitu, kuna maswali utakayongojea milele usijue kama unangojea bure.

Alhamisi, 2 Julai

Mwalimu aliniita mbele ya Fomu Tatu na sanduku. Aliwaambia sitaongea, nitaonyesha. Nikaonyesha. Swali la Kasyoka kwanza. Kadi, kadi, mbili zinazofanana, nikaziinua wazione, nikaweka spoku chini. Hapana. Muthui, ambaye ndiye alikuwa mbaya zaidi kwa ile dhihaka ya kutafutwa, akasema, "Basi amepatikana," na watu wakacheka kicheko kingine, cha kawaida.

Kisha swali la Kyalo. Ndiyo. Niliiacha kadi ile juu ya meza Kyalo akiitazama mpaka kengele ikalia. Sikuwa na haja ya kuiacha pale. Niliiacha tu.

Kasyoka alikuwa kiti cha nyuma. Alitoka bila kunitazama.

Ijumaa, 3 Julai

Saa nne, tangi la maji, mahali pale pale. Kasyoka akaja. Tangu lile swali lake moja hajaniambia neno. Akasema kwa Kiingereza kwamba mama yangu yuko getini.

Nikaendelea kujaza ndoo. Nilifikiri ananilipa. Ni haki yake, nilifikiri, na amechagua vizuri mahali pa kudunga. Akarudia. Sikugeuka.

Muthui alikuwa hatua chache kutoka kwetu na diski shingoni, amenaswa asubuhi, anazunguka kama fisi akitafuta wa kumpa. Kasyoka alimwona. Najua alimwona kwa sababu alimtazama kwanza. Halafu akasema tena, kwa Kikamba, kwa sauti yake ya kuimba, kila neno: mama yako amekuja, amesimama getini, ana kiondo, toka hapa uende.

Muthui hakuamini bahati yake. Akaivua akamvalisha Kasyoka. Kasyoka wa miaka mitatu bila doa. Akabaki ameishika kwa vidole viwili kama kitu chenye moto.

Mtu hawezi kulipia uongo bei hiyo. Nikamwamini. Lakini kabla sijakimbia, nikamgeukia, nikasema kwa nguvu ili kila mtu asikie.

"Va?"

Alikuwa ameshaniambia ni wapi. Kisha akaelewa, akaivua, na mimi nikainamisha kichwa.

Mama alikuwa getini. Amekonda, shingo imekuwa ndefu, lakini amesimama kwa miguu yake. Kwenye kiondo mlikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha na papai. Aliuliza nimevaa nini hicho. Nikamwambia ni ya shule. Akaishika, akainusa, akaniambia niioshe.

Jioni, paredi. Diski ni yangu. Kyalo na kalamu yake. "Nani alikupa?" Macho yale yale. Nikasema, "Kasyoka." Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka. Na kwa vile ilikuwa imeshatoka, nikaiacha iendelee. Nikasema leo ni Kasyoka, na tarehe tisa mwezi uliopita nilipewa na wewe.

Hakukuwa na mbinja. Kyalo hakuandika kitu. Akageuza ukurasa. Mwalimu wa zamu akamsogelea, akamwambia pole pole aandike.

Akaandika.

Jumapili, 5 Julai

Vyoo tumeosha sisi watatu tulioandikwa. Kyalo alianza upande wa mbali, beji haipo shatini. Simhurumii. Nilingoja huruma ije, haikuja, nikaendelea kusugua.

Kasyoka alichota maji. Tulipomaliza tulikaa kwenye ngazi ya jikoni tukala papai la mama. Mbegu tulizitupia kuku.

Godoro lake bado liko kule alikolihamishia. Sijamuuliza.

Mchana nilienda kwa sanduku. Kulikuwa na kadi moja ya kuongezwa. Nikakata tundu lake mpaka ukingoni, nikaandika, Kasyoka aliivaa diski, nikaitia ndani. Nikapitisha spoku, nikainua. Ikaanguka. Nyingine zikabaki zikining'inia. Nikazisikiliza mpaka zikaacha kucheza.